Mstari Wima na Mpaka wa Kigoma

Mwanafunzi wa Kasulu akigawanya 156 kwa 12, huandika 12 kushoto na 156 kulia kwake. Mwenzake aliyeanza shule Burundi huandika 156 kushoto, huchora mstari wima, kisha huweka 12 kulia. Wote hupata 13. Hata hivyo, msahihishaji asiyejua mapokeo hayo ya pili aweza kudhani mtoto hajui kugawanya.

Tofauti hii ina historia. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliwatoa Wajerumani Kigoma, yakaishikilia hadi 1921. Makubaliano ya Milner na Orts ya 1919 yaliwapa Waingereza upande huu. Wabelgiji wakabaki na Ruanda-Urundi. Waha na Warundi, ambao lugha zao zinasikilizana, wakaingizwa katika mapokeo mawili ya shule. Kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa Kasulu mwaka 1996, na Nduta ya Kibondo ilipopokea Warundi kuanzia 2015, mapokeo hayo yakawa majirani.

Mstari wenyewe umebebeshwa kazi nyingi. Mwaka 1841 Arthur Cayley aliutumia kuzingira ditaminanti, na Karl Weierstrass akauzingirisha namba ili kuonyesha ukubwa wake bila kujali alama: |−3| = 3. Katika 3 | 12 unasema kwamba 3 inagawa 12 bila baki. Katika P(A | B) unamaanisha uwezekano wa A iwapo B imekwisha kutokea.

Kompyuta haibagui kazi hizo yenyewe. Katika TeX, programu ambayo Donald Knuth alianza kuiunda 1977, mstari uliochapwa moja kwa moja huhesabiwa kuwa alama ya kawaida. Kwa hiyo katika |−3|, alama ya hasi hutengwa na 3, kana kwamba kuna kitu kinachopunguzwa 3. Wanaotumia LaTeX wana kifurushi cha amsmath chenye amri \lvert na \rvert kwa kuzingira. Kwa mstari unaosimama kati ya vitu viwili ipo \mid. Palipo na taipureta au mwandiko wa haraka, hatari ni kubwa zaidi: mstari ukiandikwa kama tarakimu 1, |3| husomeka 131.

Hapa ndipo haki ya mtoto inapoguswa. Swali lililochapwa vibaya humnyima alama ambayo angeipata, na cheti hakielezi sababu. Waandaaji wa mitihani wasome karatasi iliyokwisha kuchapwa, si rasimu pekee. Na walimu wa mpakani wafundishwe maandishi ya pande zote mbili. Tusimwite mtoto mzito wa hesabu kabla ya kuikagua karatasi tuliyompa.