Jinsi seli zinavyopambana na sumu ya metali nzito

MTAA wa Ziwani, Nairobi, uko karibu na Mto Nairobi, katika eneo la Eastlands ambako mafundi wa jua kali huchomelea vyuma na kupaka magari rangi kila siku. Kazi za aina hiyo huweza kutoa vumbi na moshi wenye metali nzito kama vile risasi na kadimiamu. Metali hizi hazina kazi yoyote yenye manufaa inayojulikana katika mwili wa binadamu.

Hatari yake imewahi kuthibitishwa jijini. Mwaka 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto na vijana 328 waliokuwa wakiishi au kusoma karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na zaidi ya mikrogramu 10 za risasi kwa kila desilita ya damu. Mjini Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru walioathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu walituzwa fidia ya Sh1.3 bilioni na mahakama mwaka 2020.

Sumu hii hupenya kwa hila. Risasi hujifanya kalsiamu, nayo kadimiamu hujifanya zinki. Zote mbili huweza pia kupitia mlango wa protini ambao utumbo hutumia kufyonza madini ya chuma. Mtoto akipungukiwa na chuma, mwili huongeza milango hiyo, na risasi hupata nafasi zaidi ya kuingia.

Hata hivyo, seli ina walinzi. Wa kwanza ni protini iitwayo MTF-1, ambayo hutambua ongezeko la zinki. Kadimiamu inapoingia, huifurusha zinki kutoka mahali ilipofungwa. Zinki hiyo hushikamana na MTF-1, nayo huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni za kutengeneza metalothionini.

Metalothionini ni protini ndogo iliyogunduliwa mwaka 1957 katika figo za farasi. Ina salfa nyingi, na molekuli moja huweza kufunga atomi saba za zinki au kadimiamu, zisiweze kuzurura ndani ya seli.

Mlinzi wa pili ni Keap1. Katika hali ya kawaida, protini hii humshika mwenzake, Nrf2, na kusababisha avunjwevunjwe. Metali inapoigusa salfa ya Keap1, mshiko hulegea. Nrf2 huponyoka, huingia katika kiini na kuagiza glutathioni zaidi, kemikali inayozima sumu zinazounguza seli.

Lakini ulinzi huu una kikomo. Kadimiamu iliyofungwa hulimbikizana katika figo kwa miaka mingi na hatimaye huziharibu. Risasi nayo huzuia vimeng'enya vinavyohitajika kutengeneza damu, huvuruga ukuaji wa ubongo wa mtoto, na huweza kukaa katika mifupa kwa miongo kadhaa.

Mimea pia hujikinga. Hutumia glutathioni kuunda minyororo inayoinasa kadimiamu, kisha huifungia katika vihifadhi vya ndani ya seli. Ndiyo maana sukuma wiki iliyonyweshwa maji machafu ya mto huweza kunawiri machoni huku imebeba sumu. Kuiosha huondoa vumbi la juu, si kilichomo ndani ya jani.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Fundi anashauriwa kunawa na kubadilisha nguo za kazi kabla ya kuwabeba watoto wake, na kutoyeyusha betri nyumbani. Vyakula vyenye chuma na kalsiamu, kama maharagwe, maziwa na omena, huweza kupunguza ufyonzwaji wa risasi.

Anayeshuku kuwa mwanawe ameathirika anafaa kumpeleka hospitalini apimwe damu. Zipo dawa zinazonasa risasi na kuitoa kupitia mkojo, ila hutolewa na daktari kwa walioathirika sana, na haziwezi kurejesha uwezo wa ubongo ambao tayari umepotea. Kwa sumu ya aina hii, kinga ni bora kuliko tiba.