Besi Iliyokonda: Rock ya Zambia Ikisikilizwa kutoka Tunduma

Mtu wa Tunduma akitembea hatua chache yuko Nakonde, upande wa Zambia, nayo redio haihitaji hata kutembea. Rock ya Zambia ya miaka ya 1970, ambayo leo huitwa Zamrock, ililifikia eneo hili lilipokuwa bado sehemu ya Mkoa wa Mbeya, miongo minne kabla ya Songwe kuwa mkoa mwaka 2016. Wanaouzungumzia muziki huo wana dai wasilochoka kulirudia: kwamba gitaa la besi limekonda kwa sababu vyombo vilikuwa duni na wapigaji hawakuiva. Dai hili nalikataa. Linawahukumu wanamuziki kwa kosa ambalo, kwa sehemu kubwa, lilitendeka baada ya wao kuweka magitaa chini.

Yapo mambo yasiyo na ubishi. Waya mnene kuliko yote wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na spika ya redio ndogo ya betri haiwezi kuitoa sauti hiyo. Msikilizaji hupata mitetemo yake ya juu tu, kisha ubongo ukamjazia kilichopungua. Tena, watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikipunguzwa, sikio hupoteza zile nzito kwanza. Aliyesikiliza usiku kwa sauti ya chini ili asiwaamshe wenzake alisikia besi nyembamba hata kama ilirekodiwa nene.

Ubishi unaanzia kwenye santuri. Waandishi wengi huitupia lawama kanuni ya RIAA, inayotaka besi ipunguzwe wakati wa kuchonga mfuo: kwenye mitetemo 50, kwa desibeli 17 hivi, yaani takriban mara saba. Lawama hiyo haina msingi, kwa kuwa mtambo wa kupigia hurudisha kiasi kilekile. Kinachokondesha kweli ni woga unaozidi kanuni. Besi nzito hufanya mfuo uyumbe kwa upana, ukala nafasi ya nyimbo nyingine na kuweza kuirusha sindano. Mchongaji mwenye upande wa dakika zaidi ya ishirini huchagua usalama. Tusidhani woga huo ni wa Afrika. Wahandisi wa kampuni ya rekodi ya EMI jijini London walikuwa nao hadi mwaka 1966, Beatles waliporekodi “Paperback Writer” wakidai besi isikike, na ikabidi itafutwe njia mpya ya kuichukua na kuichonga. Kama matajiri wa London walikondesha besi kwa kuihofia sindano, umaskini wa Lusaka au Ndola unaeleza nini peke yake?

Ushahidi ninaouegemea zaidi ni albamu “Africa” ya kundi la Amanaz, ya mwaka 1975. Besi aliipiga Jerry Mausala. Albamu hiyo imetufikia katika michanganyo miwili: mmoja mkavu, ngoma na sauti za waimbaji zikiwa karibu na sikio, mwingine umeloweshwa mwangwi mwanzo hadi mwisho. Vidole ni vilevile, na gitaa na amplifaya havikubadilika. Hata hivyo, kwa masikio yangu, katika mchanganyo mkavu besi ina mwanzo na mwisho, unaweza kuifuata noti kwa noti. Katika ule wa mwangwi inasambaa kama moshi, nguvu yake ikamezwa na magitaa yaliyotandazwa juu yake. Kama besi ilikonda kwa sababu ya mpigaji au chombo, ingepaswa kukonda sawasawa mara zote mbili. Jambo hili halithibitishi kwamba kila rekodi ya Zambia iliharibiwa mezani kwa fundi. Linatosha, nadhani, kumtaka anayemshutumu mpigaji alete ushahidi.

Atasema: mbona dansi ya Tanzania ya wakati uleule ina besi iliyoshiba? Swali hilo linanisaidia mimi. Santuri zetu zilikuwa zikitengenezwa Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikazibwa. Nyimbo nyingi za bendi ya Mlimani Park na wenzao zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, zikabaki kwenye kanda kwa ajili ya kurushwa hewani. Kanda haina sindano ya kuruka. Zaidi ya hayo, katika dansi gitaa la solo huipa besi nafasi, ilhali katika Zamrock gitaa la kukwaruza la mpigaji kama Paul Ngozi linajaza kati yote ya wimbo. Besi ipo chini yake, imefunikwa tu.

Haya yana uzito leo, santuri hizi za Zambia zinapotolewa upya. Penye kanda mama, fundi anaweza kuichimbua besi ya mwaka 1975 kama ilivyopigwa, na naamini wengi watashangaa. Pale kanda ilipopotea ikabaki santuri iliyochakaa, kila desibeli anayoiongeza chini huinua pia ngurumo ya mtambo uliozungusha sahani, na msikilizaji ana haki ya kuandikiwa kwenye jalada ni ipi kati ya hizo mbili anayouziwa.