Walichoma Nairobi Wakisema ni Afya

Nikikuambia serikali iliwahi kuteketeza sehemu ya katikati ya Nairobi kwa sababu ya afya, utasema natafuta watazamaji. Lakini ilitokea, mwaka wa 1902. Na ukiielewa hiyo stori utaelewa kwa nini watu wa mitaa fulani wananunua maji kwa mtungi hadi leo.

Twende pole pole. Reli ilifika hapa 1899. Hapa palikuwa kinamasi, na hata jina lenyewe, Enkare Nairobi, ni Kimaasai cha maji baridi. Watu wa reli walitaka mahali tambarare pa kuweka stoo na karakana kabla treni ipande milima. Hawakuwa wanapanga mji. Mji ukakuja tu. Wafanyabiashara Wahindi wakajenga Indian Bazaar, maduka na nyumba za mabati na mbao, zimebanana. Mitaro ya maana hakuna, na taka zinalala hapo hapo. Panya walikuwa wanaishi vizuri kuliko watu.

Halafu tauni ikaingia. Ugonjwa huo ulilipuka Hong Kong 1894, ukafika Bombay 1896, ukaendelea kusafiri na meli kwenye bandari za Bahari ya Hindi. Na si ati sayansi ilikuwa imelala. Alexandre Yersin alitambua bakteria wake mwaka huo wa 1894. Mwaka wa 1898 Paul-Louis Simond akaonyesha kwamba viroboto wa panya ndio wanaupeleka kwa watu, ingawa wengi walichukua miaka kumwamini. Huku Nairobi dawa ikawa kiberiti. Bazaar ikachomwa.

Sisemi waliogopa bure. Tauni inaua, na ukiwa na mgonjwa mmoja leo unaweza kuwa na kumi wiki ijayo. Lakini moto haujengi mtaro. Watu walirudi kwa mji ule ule, taka zile zile, panya wale wale, na tauni ikarudi tena miaka iliyofuata.

Mwaka wa 1913 akaletwa mtaalamu kutoka Uingereza, Profesa W. J. Simpson, aangalie afya ya miji. Alisema mambo ya maana kuhusu mitaro na usafi. Lakini pia alipendekeza kila rangi ikae kivyake: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Soma hiyo tena. Ripoti ya afya ndiyo ilibariki ubaguzi. Sasa chukua ramani ya Nairobi ya leo. Miinuko ya magharibi, yenye miti na nafasi, ilienda kwa Wazungu. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye udongo mweusi ambao mvua ikinyesha kidogo tu unageuka matope.

Na hata huko mashariki hawakuachwa watulie. Kulikuwa na vijiji ambavyo Waafrika walijijengea wenyewe, kama Mombasa, Maskini na Pangani. Vilibomolewa kimoja baada ya kingine. Wengi wakapelekwa Pumwani kuanzia miaka ya 1920, na Pangani ikamalizwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Kila mara wimbo ni uleule: mko wachafu, mko karibu sana, hameni. Bomba la maji lilikuwa linajua njia ya kwenda magharibi, lakini huku lilikuwa linapotea.

Kama unadhani hiyo ni historia ya babu, kumbuka 2024. Mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, tingatinga zikaingia Mathare. Mto ni hatari kweli, hilo sibishani. Lakini mtu hajengi kando ya mto kwa sababu anapenda mandhari. Anajenga hapo kwa sababu hapo ndipo kodi anaweza. Ukimbomolea bila kumpa pa kwenda, hujaondoa hatari. Umeihamisha tu.

Kuna njia nyingine, na imejaribiwa hapa hapa. Agosti 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa, mtaa wenye kaya zaidi ya 100,000. Badala ya kuanza na kubomoa, walianza na kuuliza. Wakaazi, pamoja na Muungano wa Wanavijiji na watafiti wa vyuo, walikaa kwa mikutano na kuhesabu vyoo na bei ya maji. Ikaonekana mtu wa Mukuru analipia maji ghali kuliko mtu wa estate yenye mabomba. Yaani maskini ndiye anatozwa zaidi. Baadaye barabara na mabomba ya maji na majitaka yakaanza kuwekwa.

Lakini usishangilie bado. Mwishoni mwa 2021 tingatinga zilirudi Mukuru kwa Njenga kufungua barabara, na maelfu wakabaki bila paa. Mpango mzuri usiolindwa na mtu ni karatasi tu.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya afya. Lakini Katiba ya 2010 haihitaji digrii. Kifungu cha 43 kinakupa haki ya afya, makao, usafi, na maji safi ya kutosha, zote kwa kifungu kimoja, kwa sababu haziachani. Afya ya jamii si hospitali peke yake. Ni choo ambacho dadako anaweza kuenda saa sita usiku bila kuogopa. Ni taka kuzolewa kabla panya hawajaalikwa.

Kwa hivyo siku wataingia mtaani kwenu na neno "afya" au "usalama", msikatae kuwasikiza. Huenda wana ukweli. Waulizeni tu bomba litapita wapi na nyinyi mtalala wapi. Na muulize mapema, kabla tingatinga haijawashwa.