Gazeti la Misheni Lilikuwa la Walimu

Mwulize yeyote ni nani walioeneza Injili kwa maandishi katika nchi zetu, atakutajia Wazungu watatu wanne: Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanza mara moja kukitafsiri kitabu cha Mwanzo, Rebmann mwenzake wa Rabai, na Askofu Steere wa Unguja. Si uongo. Ila mimi nimekula mkate wangu kwa kupanga herufi katika kiwanda cha uchapaji cha misheni, tangu enzi za herufi za risasi hadi zilipotupwa, na mpanga herufi humjua mwandishi kuliko msomaji yeyote. Humsoma herufi kwa herufi, tena kinyumenyume. Kwa macho hayo nasema kwamba magazeti ya dini ya Kiswahili yaliandikwa na walimu wa vijijini. Askofu alikuwa na tahariri yake ukurasa wa kwanza, na wengi waliiruka.

Habari hii inaanzia Unguja. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walikwenda kwanza bonde la mto Shire, wakapata maafa. Askofu wao wa kwanza, Mackenzie, alifia huko mwaka 1862. Aliyemfuata, Tozer, aliona hapakaliki, akahamishia misheni Unguja mwaka 1864, akiwa pamoja na Edward Steere. Sultani Majid akampa watoto watano wa kiume waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza wa misheni. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi mwaka 1879, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kufikia daraja hilo.

Misheni ilikuwa na mtambo wa kuchapia, na walioufanyia kazi ni vijana hao na wengine waliowafuata. Watu huipita habari hii haraka, nami naomba tusimame hapo kidogo. Mtoto ameibwa kwao bara, pengine Nyasa, pengine Uyao, akatembezwa hadi pwani, akapakiwa jahazini, akaokolewa baharini, akapelekwa kwa watu wasioijua lugha ya mama yake. Baada ya miaka michache anasimama mbele ya sanduku la herufi akipanga kurasa za Kiswahili, lugha ambayo naye amejifunza ukubwani. Mathayo ya Steere ilitoka mwaka 1869. Steere alifariki mwaka 1882, na Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ikapatikana mwaka 1891. Vitabu vya historia vinamsifu mfasiri, na anastahili. Mikono iliyopanga kurasa za mwanzo haitajwi.

Kazi yenyewe naijua. Unashika kwa mkono wa kushoto kijisinia cha chuma tulichokiita stiki, mkono wa kulia unachomoa herufi vyumbani mwake bila kutazama, unazipanga kichwa chini. Masanduku ya herufi yaliagizwa Ulaya, na yalikuwa yamegawiwa kwa vipimo vya lugha za huko. Kiswahili kinakula a, k na w kuliko Kiingereza kinavyokula. Ukichapa waraka wenye "wakawaambia" na "wakakawia" mara kadhaa, chumba cha k kimebaki kitupu, na herufi q zimelala kwao zinang'aa, hazijaguswa tangu zitoke kiwandani. Ukurasa wa tano ulisubiri ukurasa wa pili uchapwe, uoshwe mafuta ya taa na kuvunjwa, ndipo k zirudi. Sisi tulihangaika hivyo na masanduku kadhaa. Sijui wale wa Unguja walimaliza vipi kitabu kizima.

Mwaka 1887 A. C. Madan, mmoja wa wamisionari hao, alitoa kitabu cha Kiingereza kiitwacho Kiungani, kwa jina la shule ya misheni iliyokuwa nje ya mji. Ndani yake mna habari za wanafunzi wenyewe: walivyokamatwa, walivyouzwa, walivyofika. Waliandika kwa Kiswahili, Madan akatafsiri. Ni kitabu kizito, na yeyote anayeandika juu ya utumwa wa pwani hukirudia. Lakini tuseme wazi kilikusudiwa nani. Kilikusudiwa wafadhili wa Uingereza, watu wa kanisani ambao wakiguswa hutoa. Mtoto alieleza msiba wake, na msiba ukawa ombi la mchango.

Mwaka uliofuata, 1888, shule hiyohiyo ya Kiungani ilianza kuchapa Msimulizi. Gazeti hili lilikuwa la Kiswahili kitupu, nalo hupewa nafasi ya kwanza katika orodha ya magazeti ya lugha yetu. Hapa msomaji amebadilika. Anayeandika ni mwalimu aliyesoma Kiungani na sasa amepangwa Masasi, Newala, Magila au Likoma huko Ziwa Nyasa. Anayesoma ni mwenzake waliyelala naye bweni moja. Huyu hahitaji kuelezwa utumwa ni nini. Anataka kujua nani ameoa, nani amebatizwa, nani amefariki, mvua imenyesha au la, safari ya kwenda bara imechukua siku ngapi na wapagazi wamedai nini. Mahubiri yamo, lakini yamo katikati ya habari hizo, kama chumvi ndani ya mboga.

Mimi naona hapo ndipo uinjilisti wa maandishi ulipozaliwa kwetu, kuliko katika tafsiri yoyote. Tafsiri ilikuwa neno la kupokelewa. Gazeti lilikuwa neno la kujibizana. Mwalimu wa Newala akiandika kwamba watu wa kijiji fulani wamekataa shule kwa sababu hii na ile, mwalimu wa Magila alipata kuipima sababu hiyo kwa watu wake. Cecil Majaliwa, mtoto mwingine wa utumwani aliyepata upadri Unguja mwaka 1890, alikaa Chitangali upande wa Ruvuma akiendesha kanisa bila Mzungu kumsimamia kila siku. Watu wa namna hiyo walikuwa mbali na wenzao kwa majuma ya miguu. Karatasi iliyochapwa ndiyo iliyowakumbusha kwamba hawako peke yao, na kwamba kuna mtu mwingine anahangaika na katekisimu ileile.

Msimulizi liliendelea hadi mwaka 1896. Huko Magila, bara ya Tanga, misheni hiyohiyo ikawa na gazeti lake, Habari za Mwezi. Wajerumani nao walikuwa wameshika nchi, na Kiongozi la Tanga lilianza mwaka 1904 katika shule ya serikali. Hilo halikuwa la dini. Mwaka 1910 Walutheri walitoa Pwani na Bara, na Wakatoliki wakatoa Rafiki Yangu, yote mawili Dar es Salaam. Usidhani miaka ya kuanza kwao ililingana kwa bahati. Kila upande ulijua kwamba kijana aliyejifunza kusoma atasoma kitakachomfikia kwanza.

Vita vya 1914 vilimaliza magazeti hayo, na havikuishia kwenye karatasi. Walimu na mapadri wa Kiafrika wa UMCA walishukiwa na Wajerumani kwa sababu kanisa lao lilikuwa la Kiingereza, wakakamatwa na kufungwa. Mmoja wao, Samwil Sehoza, aliandika habari za mateso hayo katika kitabu Mwaka katika Minyororo, kilichochapwa London mwaka 1921. Kitafute ukiweza. Hakimlilii mtu, hakimwombi mfadhili. Linganisha na kile cha 1887: Mwafrika anasimulia minyororo tena, safari hii kwa Kiswahili, kwa jina lake mwenyewe juu ya jalada, na wasomaji ni watu wake.

Baada ya vita hivyo na vya pili, viwanda vya misheni vilienea: Vuga kule Usambara, Tabora, Ndanda, Peramiho, Dodoma. Kiongozi la pili, lile la Wakatoliki, lilianza Tabora mwaka 1950. Kenya, Baraza la Makanisa lilikuwa na Target la Kiingereza na Lengo la Kiswahili, na Henry Okullu, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Maseno Kusini, alijipatia jina kwa kuandika Target bila kuwaogopa wakubwa. Kizazi changu kinaingia hapo.

Nitasema jambo moja la kiwanda chetu. Barua za wasomaji zilifika Jumatatu na Alhamisi na gari la posta, nyingi zimeandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya daftari iliyochanwa katikati. Mhariri wetu, padre mmoja mnene asiyekosa ugoro, alizisoma kwa sauti tukiwa kazini. Ilikuja ya katekista mmoja wa kigango cha mbali iliyouliza mambo mawili katika aya moja: Mtume Paulo alimaanisha nini kwa Wagalatia kuhusu sheria, na je, ofisi inaweza kumnunulia dawa ya panya, kwa maana panya wamekula daftari la ubatizo hadi herufi M. Mhariri alitaka tuchape swali la Paulo tu. Mzee aliyekuwa mkubwa wetu wa herufi akamwambia, "Baba, la panya ndilo litakalosomwa." Tulichapa yote mawili. Toleo lililofuata zilikuja barua kutoka vigango vinne, kila moja na dawa yake ya panya, na mbili kati yake zilikuwa na jambo la maana la kusema juu ya Wagalatia.

Redio ilijua siri hiyohiyo ya barua. Mwaka 1963 Walutheri walifungua kituo kikubwa Addis Ababa, Sauti ya Injili, na vipindi vya Kiswahili vilirekodiwa Moshi, kanda zikasafirishwa hadi Ethiopia, ndipo sauti irudi kwetu kwa mawimbi mafupi. Mzunguko mrefu namna hiyo ulivumilika kwa sababu wasikilizaji waliandika na barua zao zikasomwa hewani. Mwezi wa Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo. Studio ya Moshi ilibaki.

Sasa niseme lililoyaua magazeti mengi, angalau yale niliyoyaona kwa karibu. Watu husingizia bei ya karatasi miaka ya themanini, na kweli karatasi ilikuwa shida. Tuliwahi kuchapa kwenye karatasi ya kufungia sukari. Lakini gazeti letu lilishapoteza wasomaji kabla ya karatasi kupotea. Kwanza ukurasa wa barua ulipunguzwa nusu. Kisha ukaondolewa, pakawekwa picha: mkubwa anapokewa, mkubwa anakata utepe, mkubwa anabariki trekta. Walimu waliendelea kuandika kwa muda, barua zikalala dirishani, nao wakanyamaza. Msomaji aliyezoea kuona jina la kijiji chake akiona sasa ni picha za uwanja wa ndege, hana sababu ya kutoa senti zake. Hakuna aliyetukatalia. Uamuzi ulikuwa wetu, ndani ya nyumba.

Viwanda vyenyewe vilifanya mazuri hata baadaye. Mwaka 1996 wachapaji Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho walitoa Tenzi za Biblia za Mwalimu Nyerere, Injili na Matendo ya Mitume kwa beti. Mzee aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya Wakatoliki, kisha rais, alirudi kwa wachapaji wa misheni na kazi ya uzeeni. Mimi huona hilo ni heshima kubwa kwa kazi yetu kuliko hotuba zote alizotusifia.

Leo wajukuu zangu wanapokea neno la siku kwenye simu, kila asubuhi, kutoka kwa wahubiri wasiowajua. Sina ugomvi na simu. Jahazi la misheni lingekuwa na kasi hiyo, Majaliwa angeshukuru. Ninachouliza ni kimoja: ukimjibu mhubiri huyo, nani anasoma?

Na kwako msomaji nina ombi. Katika makabati ya makanisa yetu, chini ya vitenge vya kwaya na madaftari ya michango, yamo magazeti haya. Nimeona nakala za miaka ya hamsini zikifungiwa karanga nje ya kanisa, tarehe inasomeka. Ukikuta fungu la namna hiyo, usilichome na usimpe mwenye karanga. Lipeleke kwenye ofisi ya dayosisi au jimbo, au maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu, na uwaombe wakuandikie risiti. Kwanza lakini lifungue ukurasa wa barua, uangalie kama jina la babu yako halimo.