Diski Inayosingiziwa

Gari la mtumba likianza kutikisa usukani kila dereva anapokanyaga breki, hukumu ya gereji nyingi, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Kirinyaga Road jijini Nairobi, huwa moja: diski imepinda. Hukumu hiyo ina umri mkubwa kuliko gari lenyewe. Ilizaliwa zama za breki za dramu, na wakati huo ilikuwa sahihi kabisa. Breki zikabadilika, yenyewe ikabaki vilevile, na hadi leo inawagharimu wenye magari.

Mwaka 1902 Louis Renault wa Ufaransa alitengeneza breki ya dramu iliyokuja kuenea duniani, na mwaka huohuo Frederick Lanchester wa Birmingham, Uingereza, akapata hataza ya breki ya diski. Pedi za Lanchester zilikuwa za shaba, zikipiga kelele zisizovumilika, na dramu ikatawala kwa nusu karne. Sasa dramu ni pipa fupi la chuma linalobanwa kwa ndani na shuu, yaani viatu vya breki. Ikipata moto hutanuka, na isipopoa sawasawa hupoteza uduara wake ikawa kama yai. Kila mzunguko shuu hukutana na upande ulio karibu kisha ulio mbali, na pedali huupiga mguu wa dereva. Dawa ilikuwa kuipeleka dramu kwenye mashine ya kukereza, na vizazi vya mafundi vilirithishana dawa hiyo kwa sababu ilitibu ugonjwa uliokuwepo.

Diski ilipata heshima yake mwaka 1953, Jaguar C-Type zenye breki za Dunlop ziliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans. Mwaka 1955 Citroën DS ikaiweka kwenye gari la familia, na baadaye ikawa kawaida kwenye magurudumu ya mbele. Magari yaliyotumika yaliyomiminika Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani baada ya biashara kulegezwa yalikuja nayo. Mashine ya kukereza ikahamishiwa kwenye diski, na lugha ya dramu ikahamia huko pamoja nayo.

Lakini diski hubanwa pande zote mbili. Ikiyumba kidogo huku unene wake ukiwa sawa, kalipa inayoteleza, yaani kifaa kinachobana pedi, huifuata, na mguu hausikii mengi. Kinachotikisa gari ni unene usiolingana, na tofauti ya takriban 0.02 mm, chini ya nusu ya unene wa unywele, inatosha. Mara nyingi mambo huanza pale diski inapofungwa juu ya habu (kitovu cha gurudumu) yenye kutu, au nati zinapokazwa bila mpangilio. Diski inayumba, na gari likitembea bila breki kukanyagwa, sehemu ileile inagusa pedi kila mzunguko. Baada ya maelfu ya kilomita sehemu hiyo imelika, na wakati huo hakuna anayekumbuka tena jinsi kazi ile ilivyofanywa. Njia ya pili ni pedi zenyewe. Dereva anayeshuka mlima Kitonga mguu ukiwa juu ya breki, kisha akasimama chini bila kuuachia, huacha alama ya pedi ya moto juu ya diski. Mhandisi wa magari ya mashindano wa Marekani, Carroll Smith, alishikilia kwamba karibu kila diski inayoitwa iliyopinda ni diski yenye tabaka la pedi lisilo sawa. Tabaka hilo hupata joto zaidi ya sehemu nyingine, na likipita takriban nyuzi 650 za Selsiasi, chuma chini yake huweza kugeuka kuwa kigumu na kulika polepole. Kwa gari la mtumba ongeza wiki za baharini na miezi ya kusimama yadi, kutu ikijichora kuzunguka pedi.

Fundi atajibu kwamba akikereza diski mtikisiko huisha, basi hukumu yake ni ya kweli. Huisha kweli, kwa sababu mashine imerudisha unene ulio sawa. Ila habu ikiachwa na kutu yake, yumbo lilelile huanza upya kazi yake, na safari hii juu ya diski nyembamba zaidi isiyohimili joto kama zamani. Ndiyo maana ugonjwa huu hurudi. Wapo pia wanaosema diski hupinda kweli, nami sibishi: chuma kilichomiminwa vibaya, ajali, au maji ya baridi juu ya diski ya moto huweza kuipinda. Ninachokataa ni kuanza na dhana hiyo bila kupima. Pingamizi zito zaidi ni la gharama, kwamba gereji ya mtaani haina saa ya kupimia yumbo. Hata hivyo brashi ya waya na msasa vya kusafishia habu vipo, na kukaza nati kwa kuvukana ni suala la mpangilio tu.

Mwendo nao hutoa ushahidi wa bure. Kwa kilomita 100 kwa saa gurudumu la gari dogo huzunguka takriban mara 15 kwa sekunde, kwa hiyo mtikisiko wa breki hupungua kasi pamoja na gari. Ukiwepo hata bila kukanyaga breki, tazama kwanza balansi ya matairi na rimu. Ukisikika zaidi kwenye usukani, shuku magurudumu ya mbele. Ukisikika kwenye kiti, shuku ya nyuma. Bushi na boli joiti zilizolegea huukuza mtikisiko wa breki, wala si lazima ziwe chanzo chake.

Kwa hiyo, mwenye gari, kabla hujalipia kukereza, mwombe fundi aifungue diski mbele yako, aisafishe habu hadi chuma kionekane, apime unene sehemu kadhaa, na alinganishe na kiwango cha chini ambacho mara nyingi huandikwa kwenye diski yenyewe.