Nyumba za Mawe na Hekima ya Upepo

Miongoni mwa neema tulizoachiwa na wazee wetu wa pwani ni nyumba za mawe. Mtu akizitaja leo huzisifu kwa milango yake ya nakshi na zidaka zake, lakini iko sifa moja kubwa ambayo wachache huikumbuka. Nyumba hizo zilimpa mtu kivuli na upepo mchana na usiku, wala hakudaiwa bei yake mwisho wa mwezi. Siku hizi kijana akirithi nyumba ya babu yake, aghalabu la kwanza alifanyalo ni kuziba madirisha, kupiga kuta saruji na kutoboa ukuta atie kiyoyozi. Kisha hulalamika kuwa umeme ni ghali. Hapana shaka ni ghali. Lakini yafaa tujiulize kwanza ni nani aliyeifanya nyumba ile ihitaji umeme wote huo.

WALIVYOJENGA

Tuitazame nyumba ya Lamu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake wapata nusu mita. Ukuta kama huo hupata moto polepole, na kabla joto la mchana halijafika ndani, jua limekwisha kuchwa. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi mita tatu hivi, kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali. Mgeni hupokewa dakani, kisha huja ua, ambao watu wa Lamu huuita kiwanda, na nyuma yake misana hufuatana mmoja baada ya mwingine. Ua huo ndio pumzi ya nyumba: hewa ya moto hupanda ikatoka juu, na iliyo baridi ikashika mahali pake. Jiko nalo liliwekwa darini, ili moto na moshi visiwataabishe waliomo vyumbani.

Hali kadhalika Mji Mkongwe wa Unguja. Waarabu wa Omani walijenga majumba yenye ua katikati. Wahindi wakajenga maduka chini na makaazi juu, pamoja na roshani na madirisha ya vibao vilivyoinamishwa. Vibao hivyo huzuia jua, hupitisha upepo, na humsitiri aliye ndani asionwe na mpita njia. Kitu kimoja kikatimiza haja tatu. Na vile vichochoro ambavyo wageni hudhani ni vyembamba kwa kukosa mpango, ni kivuli: nyumba hii humkinga jirani na jua la asubuhi, naye jirani huikinga na jua la jioni. Haki ya jirani ilijengwa ukutani.

Tena wazee walijua kwamba joto la pwani ni la unyevu, na unene wa ukuta peke yake hautoshi. Kinachomburudisha mtu ni upepo ukaushao jasho. Kwa hiyo waliacha njia za kaskazi na kusi kupita, na nyumba isiyopitisha hewa waliihesabu kuwa nyumba mbovu hata ikipambwa namna gani.

UMEME ULIPOINGIA

Si kweli kwamba wazee walichukia mambo mapya. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 mpaka 1888, aliuletea mji maji ya mabomba, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba lililokuja kuwa la kwanza Unguja kutiwa umeme. Lakini litazame lilivyojengwa: orofa zake ni ndefu kwenda juu, na mabaraza mapana juu ya nguzo za chuma yamelizunguka, ili jua lisifikie kuta na upepo upite. Umeme uliwasha taa. Kazi ya kupoza nyumba ilibaki kwa mabaraza. Mgeni alikaribishwa, lakini hakukabidhiwa funguo.

Sisi tumemkabidhi. Mwaka 1980 Unguja iliunganishwa na umeme wa bara kwa waya uliopita chini ya bahari, wenye uwezo wa megawati 45. Mei 2008 umeme huo ulikatika, na mji ukakaa gizani kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Ukakatika tena Disemba 2009, usirudi mpaka Machi 2010. Hata maji yalikuwa taabu, kwa kuwa pampu zilisimama. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi 2013, na hiyo ni heri kubwa. Lakini miezi ile ilitufunza jambo: mwenye nyumba iliyo wazi kwa upepo alikosa taa, aliyeziba nyumba yake alikosa taa na hewa pamoja.

SI PWANI PEKE YAKE

Hekima hii si ya watu wa bahari tu. Nenda mpaka Kagera, Bukoba au Bugarama katika nchi ya Ngara. Huko juu usiku una baridi, na haja ya watu ni kinyume cha yetu: wao wataka kulihifadhi joto. Wazee wa Kagera walijenga msonge, nyumba ya mviringo ambayo nyasi zake hushuka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, na moto ndani. Nyasi nene hushika joto usiku na kuzuia jua mchana. Moshi ulikuwa na madhara yake kwa macho na kifua, na hilo tusilifiche. Lakini mabati yaliyokuja badala yake, ingawa hayavuji wala hayashiki moto, huchoma mchana na kutoa baridi usiku. Bati ni lile lile Bugarama na Unguja; hali ya hewa ndiyo isiyokuwa moja. Kosa si kutumia kitu kipya, bali ni kukitumia bila kuuliza mahali.

LA KUFANYA

Basi mwenye nyumba ya zamani afanyeje? Aanze na yasiyo na gharama. Afungue madirisha alfajiri na jioni, na afunge yale yanayoelekea jua wakati wa mchana. Aondoe vibanda vilivyojengwa ndani ya ua, maana vimeikaba nyumba koo. Atengeneze vibao vya madirisha badala ya kuweka vioo visivyofunguka. Dari azibe palipovuja na apake chokaa nyeupe, kwani weupe hulirudisha jua lilikotoka.

Ukuta wa chokaa aupige kwa chokaa. Saruji ni ngumu na haipumui. Unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na jiwe huoza huku nje pakionekana pazuri. Hayo yakiisha, na atumie panka na taa zinazokula umeme mchache. Na kama yuko mgonjwa au mzee asiyestahimili joto, chumba kimoja kitiwe kiyoyozi, na mashine yake ikae upande wa ua, si juu ya vichwa vya wapita njia. Huko si kukataa maendeleo, ni kuepuka israfu, nayo dini yetu imeikataza hata katika maji ya udhu.

Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2000, na Lamu 2001. Na Zanzibar iko Mamlaka ya Mji Mkongwe tangu 1985. Lakini sheria haipandi darini kuziba tundu. Beit al-Ajaib yenyewe, pamoja na sifa zake zote, sehemu yake ya mbele na mnara wa saa vilianguka tarehe 25 Disemba 2020 katikati ya matengenezo, na watu wawili wakafa. Jengo lililochelewa kutunzwa halingoji.

Na ugonjwa mkubwa wa nyumba zetu haumo katika mawe. Nyumba ya warithi kumi ni ya kila mtu siku ya kugawana kodi, na si ya mtu siku ya kununua chokaa. Nyumba ya wakfu hupangishwa kwa kodi isiyotosha hata kubadili boriti moja. Aliyeweka wakfu alitaka thawabu isiyokatika; tukiiacha ikaanguka, tumeikata kwa mikono yetu. Basi warithi na wakae pamoja, na kabla ya kugawana kodi watenge kwanza fungu la matengenezo, hata likiwa dogo. Nyumba ikitunzwa, itatutunza sisi na watakaokuja baada yetu. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.