Shamba la Yeremia

Yapata mwaka 587 kabla ya Kristo, majeshi ya Babeli yaliuzingira mji wa Yerusalemu. Nabii Yeremia alikuwa kifungoni kwa kutangaza kwamba Mungu ameutia mji mikononi mwa adui, kwa kuwa wakubwa wake waliwadhulumu wanyonge. Humo kifungoni akanunua shamba la binamu yake Hanameli, huko Anathothi, kwa shekeli 17 za fedha. Hati akampa Baruku aihifadhi katika chombo cha udongo.

Shamba hilo hakulifaidi. Mji ulianguka, naye akachukuliwa Misri. Lakini mwaka 539 Koreshi wa Uajemi aliiteka Babeli, na Wayahudi wakaanza kurejea kwao.

Wahubiri wa maangamizi ni wengi. Tuwaulize: shamba mlilonunua liko wapi?